Kupanga Safari ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa Namna Inayokufaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msafiri wa Bara, wa Kenya au wa kwingineko anayetaka kukaa siku chache mjini Unguja. Yanahusu Mji Mkongwe na mitaa inayopakana nao, wala hayahusu hoteli za ufukweni za Nungwi, Kendwa au Paje, ambazo huhitaji mpango wa aina nyingine kabisa.

Nianze na orodha ya vivutio au na tabia yangu ya kusafiri?

Anza na tabia yako, tena ile unayoishi nayo nyumbani, si ile unayotamani kuwa nayo ukiwa safarini. Jiulize unaamka saa ngapi pasipo kuamshwa, unaweza kutembea kwa muda gani kabla ya kutafuta mahali pa kukaa, unafurahia kuzungumza na watu usiowajua au unachoka nao upesi, na ni mlo gani wa siku ambao hukubali kuukosa. Majibu ya maswali hayo manne yatakuonyesha mtaa wa kulala, saa za kutoka na mambo ya kuacha, na hayo ya kuacha ndiyo yanayowashinda wengi.

Sababu ni kwamba Mji Mkongwe una mapigo yake ya siku. Huchangamka tangu alfajiri hadi kama saa nne asubuhi, hutulia wakati wa jua kali la mchana, kisha huamka tena baada ya sala ya alasiri na kuendelea mpaka usiku. Anayependa kulala hadi saa tatu na kuanza matembezi saa sita atauona mji ukiwa umefunga milango, naye atarudi akisema kwamba hauna uhai. Ikiwa wewe ni mtu wa kuchelewa kuamka, usijilazimishe kufika bandarini Malindi samaki wanaposhushwa; panga siku yako ianze saa kumi jioni, ulale mchana kama wenyeji wengi wanavyofanya, na hutakuwa umepoteza chochote cha thamani kwako.

Nikae kwa muda gani?

Kwa watu wengi, usiku tatu unatosha. Usiku wa kwanza huishia katika uchovu wa safari na kuzoea vichochoro, siku ya pili na ya tatu huwa zako kweli, na asubuhi ya mwisho hubaki kwa ajili ya kurudi mahali ulipopapenda. Wako wanaotoka Dar es Salaam kwa feri ya asubuhi na kurudi kwa ya jioni. Inawezekana, lakini mtu wa namna hiyo huuona mji katika saa zake dhaifu tu na kuondoka wakati taa za Forodhani, bustani ya kando ya bahari, zinaanza kuwashwa. Ukiwa na siku moja pekee, chagua jambo moja na ulifanye kwa utulivu.

Mimi ni mpenzi wa historia. Nipange vipi nisichanganyikiwe?

Wapenzi wa historia ni wa aina mbili, na ni vizuri ujue uko upande gani. Wapo wanaotaka kufuata mambo kwa mfuatano wa miaka, na wapo wanaotaka kugusa ukuta, kutazama mlango na kuacha maswali yaje yenyewe.

Kwa aina ya kwanza, anza Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Kutoka hapo tembea kando ya bahari mpaka Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883 na ambalo lilikuwa la kwanza mjini kuwekewa umeme. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo panga kulitazama kwa nje, na ukikuta inawezekana kuingia, hesabu hiyo kuwa ni ziada. Mbele kidogo ndipo lilipo kasri la masultani. Eneo hilo hilo la pwani ndilo lililopigwa mizinga na manowari za Uingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia. Ukisimama katikati ya majengo hayo na kuona jinsi yalivyokaribiana na maji, utaelewa mara moja kwa nini vilikwisha upesi hivyo.

Mkunazini papewe nafasi yake peke yake. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa mwaka 1873, na kanisa la Kianglikana likaanza kujengwa mahali hapo hapo. Ndani mna msalaba uliochongwa kwa mti uliotoka Chitambo, mahali moyo wa Livingstone ulipozikwa, na nje katika shimo kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, zilizotengenezwa na msanii wa Sweden Clara Sörnäs mwaka 1998. Nimewahi kuona makundi yakipitishwa hapo kwa dakika ishirini, kati ya duka la vinyago na chakula cha mchana, na nilisikitika kwa ajili ya mahali penyewe na kwa ajili ya watu hao pia. Nenda asubuhi, usipange jambo jingine lolote kwa saa mbili zinazofuata, na kama unasafiri na watoto wadogo, zungumza nao kabla hamjaingia.

Baada ya hapo, vuka barabara. Wageni wengi huamini kwamba historia ya Zanzibar huishia kwenye milango ya kuchongwa, ilhali Ng'ambo ndiko walikoishi watu wengi wa mji huu, wakitenganishwa na Mji Mkongwe na mkono wa bahari uliokuja kufukiwa. Jina la Darajani linatokana na daraja lililokuwa likiunganisha pande hizo mbili. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, yanasimulia sura ambayo makasri hayawezi kuisimulia.

Aina ya pili, wale wa kugusa na kutazama, hawahitaji mfuatano huu. Watembee Kiponda, Hurumzi na Sokomuhogo wakitazama milango tu: yenye kizingiti cha juu kilichonyooka na yenye tao la mviringo lililoletwa na mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi, misumari ya shaba, na mfaa, yaani ule mti wa katikati pale mbao mbili za mlango zinapokutana, uliojaa nakshi. Siku nzima itaisha bila kulipa kiingilio hata kimoja.

Sipendi kuzungukazunguka. Je, mji huu unanifaa?

Unakufaa kuliko wengi. Mji Mkongwe umejengewa vikao: karibu kila nyumba ya zamani ina baraza ya mawe kandokando ya mlango, na watu hukaa. Katika makutano yanayojulikana kama Jaws Corner, upande wa Sokomuhogo, wanaume hukutana kunywa kahawa chungu, kucheza bao na dhumna, na kujadili siasa na mpira. Nunua kikombe cha kahawa na kipande cha kashata, salimu, kaa, sikiliza. Mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati kubwa hapa, kwa sababu anaelewa maneno ambayo mtalii wa mbali huyasikia kama sauti tu. Ataonja lafudhi ya Kiunguja, ambayo ndiyo iliyochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Jioni hamia Forodhani, ukae ukingoni utazame vijana wanavyopiga mbizi baharini wakishindana kwa madaha. Mpango wa siku mbili wa namna hii ni mpango kamili.

Nasafiri kwa ajili ya chakula. Nifuate nini?

Fuata saa, kwa maana kila chakula kina wakati wake. Asubuhi tafuta vitumbua, mandazi, chapati na chai ya maziwa katika migahawa midogo ya karibu na Darajani, kisha pita sokoni utazame viungo, matunda na halua. Ukifika katika msimu wa embe boribo au shokishoki, punguza chakula kingine ili ubakize nafasi. Mchana ni wa wali wa nazi na samaki, pilau au biriani. Ukibahatika kupata boko boko, ule uji mzito wa ngano na nyama, usilikatae kwa sababu ya sura yake.

Alasiri ni ya urojo, na hapa nina msimamo. Ule mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe mbichi na ndimu, ukiwa na badia, katlesi, viazi, vipande vya mshikaki, chatne ya nazi na chipsi za muhogo juu yake, huliwa vizuri zaidi mtaani, pale wanafunzi na akina mama wanapopanga foleni na bakuli zao. Forodhani usiku ni mahali pa kupendeza, hasa tangu bustani ilipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, lakini samaki waliopangwa mezani huenda wamepashwa moto zaidi ya mara moja. Nenda kwa ajili ya mandhari, juisi ya miwa iliyotiwa tangawizi na ndimu, na mkate wa ufuta. Ukitaka pweza au mshikaki, uliza bei kabla ya kuchagua, na chagua kile unachokiona kikichomwa mbele yako kikiwa kibichi.

Nasafiri na wazazi wangu wazee. Kuna la kuzingatia?

Kuna jambo moja kubwa kuliko yote, nalo ni ngazi. Nyumba za kale zilizogeuzwa hoteli zina ghorofa tatu au nne, ngazi zake ni za mbao au mawe, nyembamba na zenye mwinuko mkali, na nyingi hazina lifti. Nilimpeleka mama yangu mwaka mmoja tukapewa chumba cha juu kabisa chenye mandhari ya bahari, na nilikuwa nimekichagua mwenyewe kwa mapenzi. Alipanda mara moja tu kwa siku. Kila alipotaka kupumzika mchana alivumilia hotelini chini, ukumbini, kwenye kiti kigumu, bila kulalamika, nami niligundua siku ya pili jioni. Tangu hapo, swali langu la kwanza kwa hoteli yoyote ni kama ina chumba cha chini au cha ghorofa ya kwanza, na swali la pili ni gari linaweza kusimama umbali gani kutoka mlangoni, kwa sababu vichochoro vingi havipitiki kwa gari. Shangani, Vuga na barabara ya Mizingani hufikika kwa urahisi zaidi kuliko katikati ya mji.

Wazee pia huhitaji jambo la kufanya wakiwa wameketi. Taarab inafaa sana. Zanzibar ina kikundi cha Akhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na chuo cha muziki wa nchi za jahazi ambacho wanafunzi wake hutumbuiza mara kwa mara. Ulizia hotelini mara utakapofika kama kuna onyesho katika siku zako.

Na watoto?

Bustani ya Forodhani ina sehemu ya michezo ya watoto, na kisiwa cha Changuu kiko umbali wa takribani nusu saa kwa boti. Huko kuna kobe wakubwa, ambao mababu zao waliletwa kutoka Shelisheli, na magofu ya gereza lililojengwa mwaka 1893 ambalo halikuwahi kutumiwa kama gereza bali kama karantini. Nendeni asubuhi bahari ikiwa tulivu, hakikisheni kila mtoto ana jaketi la kuokolea linalomtosha, na makubaliano ya bei yahusu kwenda na kurudi. Msiwapangie watoto zaidi ya jambo moja kwa siku.

Ni wakati gani wa mwaka unaonifaa?

Asiyependa joto achague kipupwe, kati ya Juni na Septemba, wakati upepo wa kusi unapovuma na usiku huwa na ubaridi kidogo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, ni majira ya joto na ya bahari inayovutia. Masika, hasa Aprili na Mei, huleta mvua kubwa na baadhi ya hoteli hufungwa, lakini bei hushuka na mji hubaki kwa wenyewe. Mtu anayependa kusoma, kuandika au kupiga picha za mawe yaliyolowa atafurahi kuliko anavyodhani.

Mwenye kupenda muziki na umati alenge Februari, wakati wa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, na akate chumba miezi mingi kabla. Mwenye kupenda utulivu aikwepe wiki hiyo hiyo.

Ramadhani huulizwa sana. Kula na kunywa hadharani mchana si adabu, na migahawa mingi hufungwa mpaka magharibi. Kwa msafiri ambaye furaha yake ni chakula cha mchana na vinywaji baridi barabarani, mwezi huo haumfai. Kwa anayetaka kuona mji unavyopumua kwa pamoja adhana ya magharibi inapoadhiniwa, jinsi tende na uji zinavyopita mkono kwa mkono, na jinsi usiku unavyogeuka mchana, hakuna mwezi bora zaidi. Sikukuu ya Idi inayofuata hujaza mitaa watoto waliovaa nguo mpya, nayo ina furaha yake.

Feri au ndege?

Feri ya kasi kutoka Dar es Salaam huchukua takribani saa mbili, na hukushusha bandarini Malindi, ambako unaweza kutembea kwa miguu hadi hoteli nyingi. Ndege ndogo huchukua kama dakika ishirini, lakini ukijumlisha foleni za uwanjani na safari ya kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume, tofauti ya muda hupungua sana. Anayechafukwa na bahari asipande feri kusi inapovuma kwa nguvu. Kama hana budi, achague ya asubuhi na aketi chini, katikati ya chombo. Beba kitambulisho halisi, kwani hutakiwa wakati wa kukata tiketi na mkazi wa Tanzania hulipa nauli ya chini kuliko mgeni. Wanaotoka Kenya wanaweza kuruka moja kwa moja kutoka Nairobi au Mombasa, au kupita Lungalunga na Tanga hadi Dar es Salaam kwa basi, njia ndefu ambayo humfaa tu mtu anayeipenda barabara kwa ajili ya barabara yenyewe.

Bajeti yangu ni ndogo. Nitafurahi?

Ndiyo, kwa sababu kilicho kizuri zaidi mjini, yaani kutembea, kukaa na kula mtaani, ni rahisi kugharimia. Kata nyumba ya wageni ya kawaida Malindi au Mkunazini, panda daladala ukienda Bububu au Fuoni, na weka fedha yako katika jambo moja unalolitaka kwa dhati, kwa mfano safari ya jioni ya jahazi au mashamba ya viungo ya Kizimbani. Kujinyima kila kitu ili kupata chumba chenye mandhari ni hesabu mbaya kwa mtu ambaye hatakaa chumbani.

Ni lazima niwe na mwongozaji?

Si lazima, hasa ukiwa unazungumza Kiswahili. Mpenda historia ya mfuatano atanufaika na mwongozaji mwenye kitambulisho rasmi kwa saa mbili au tatu za siku ya kwanza. Vijana wanaokufuata bandarini wakijitolea kukupeleka hotelini, ambao mjini huitwa papasi, wajibiwe kwa upole na kwa sauti isiyoyumba: "Ahsante, naijua njia."

Mavazi yaweje?

Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake, mara utokapo hotelini au ufukweni. Mji huu ni makazi ya watu, wana misikiti na madrasa katika kila mtaa, na wamevumilia mengi kutoka kwa wageni wasiojua. Sisi tunaojua hatuna udhuru. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba ruhusa, na usichungulie ndani ya ua hata mlango ukiwa wazi.

Mimi ni mwanamke ninayesafiri peke yangu. Nibadilishe nini katika mpango?

Badilisha saa na mahali pa kulala, si hamu yako. Chagua malazi yaliyo karibu na njia yenye maduka na taa, ili usipite vichochoro vya giza ukirudi kutoka Forodhani. Vikao vya kahawa ni vya wanaume zaidi, na ingawa hutafukuzwa, huenda usistarehe; badala yake, wanawake wanaouza urojo na badia alasiri ni wenyeji wazuri wa mazungumzo. Ukisalimu vizuri siku ya kwanza, siku ya pili utaulizwa ulikuwa wapi.

Tuko watu sita wenye ladha tofauti. Tufanyeje?

Gawanyikeni asubuhi na kutaneni jioni. Kundi linalotembea pamoja kutwa nzima huenda kwa mwendo wa aliyechoka zaidi na kula chakula ambacho hakuna aliyekichagua. Wekeni miadi miwili tu kwa siku, chai ya asubuhi na Forodhani wakati wa magharibi, na kati ya hapo kila mmoja au kila wawili wafuate yao. Mazungumzo ya jioni huwa matamu, kwa sababu kila mtu ana jambo ambalo wengine hawakuliona.

Nikipotea katika vichochoro?

Utapotea, na programu ya ramani kwenye simu haitakusaidia sana, kwa kuwa kuta ndefu huidanganya. Mji Mkongwe umekaa kwenye rasi yenye umbo la pembetatu: pande mbili ni bahari, na upande wa tatu ni barabara kubwa ya Benjamin Mkapa inayopita Darajani. Shika mwelekeo mmoja bila kugeukageuka, na katika muda wa dakika kumi au kumi na tano utatokea kwenye maji au kwenye magari. Ukiwa na haraka, muulize mtu aliyeketi barazani, baada ya kumsalimu.